Kufunga mota ya kati kwenye baiskeli ya kuegemea: mahali inapojing'oa

Mwalimu alifika gereji kwangu Nzuguni, Dodoma, na baiskeli yake imelazwa juu ya guta. Ni baiskeli ya kuegemea: unakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu imenyooshwa mbele, na pedeli ziko kwenye ncha ya bomba lililochomoza mbele ya usukani. Aliinunua kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Mgongo wake haumruhusu tena kuinamia baiskeli ya kawaida, lakini hii anaiendesha asubuhi hadi jioni bila maumivu. Shida yake ilikuwa moja.

"Fundi," aliniambia, "tambarare sina neno. Kilima cha UDOM, kule Chuo Kikuu cha Dodoma, nashuka nasukuma."

Sikushangaa. Kwenye baiskeli ya kawaida kilima kikikaza unasimama juu ya pedeli na uzito wako wote unafanya kazi. Hapa umelala, husimami. Unategemea mapaja na gia tu. Faida yake iko kwenye upepo: ukiwa umelala, haukupati sana. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja akiwa juu ya baiskeli ya namna hii, kazi ya Charles Mochet, na mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, ikaziondoa kwenye rekodi zake. Anayetoka mjini kwenda Mtumba wakati wa kiangazi, upepo wa mashariki ukimpiga kifuani, ataielewa rekodi ile bila kuelezwa.

Tukakubaliana nimfungie mota, lakini kabla ya kununua chochote tulipiga hesabu. Mwalimu, baiskeli na betri ni kama kilo 110. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 unapanda mita 6, ukienda kilomita 10 kwa saa unahitaji wati 180 za kupanda, na kama 30 za msuguano wa matairi. Mtu mzima asiye mwanamichezo anaweza kutoa wati 100 kwa muda mrefu. Kwa hiyo pengo ni wati 110. Si nyingi! Mota ya wati 500 inatosha na kubaki, na sipendi kumfungia mtu kubwa kuliko hiyo kwenye fremu ambayo haikuumbwa kwa ajili ya mota.

Wengi huuliza kwa nini nisifunge mota ya ndani ya gurudumu, maana ni rahisi zaidi. Ni kweli, na kwa mtu wa tambarare tupu ningemfungia hiyo. Lakini mota ya gurudumu haitumii gia za baiskeli. Ikiwa imetengenezwa kwa kilomita 30 kwa saa, ukiilazimisha kupanda kwa 10 inazunguka theluthi ya mwendo wake, na sehemu kubwa ya umeme wa betri inageuka joto. Mota ya kati inazungusha ekseli ya pedeli, nguvu inapita kwenye mnyororo na gia za nyuma. Ukipunguza gia, baiskeli inakwenda polepole huku mota yenyewe ikiendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mota niliyochagua inaingia kwenye tundu la ekseli ya pedeli lenye upana wa milimita 68. Mwili wake unabaki nje. Kwenye baiskeli ya kawaida mwili huo hukaa mbele ya ekseli, chini ya bomba la fremu. Mota inaposukuma pedeli kwenda mbele, mwili wake unataka kuzunguka kinyume, kwa hiyo unapanda juu, unagota kwenye fremu na kutulia hapo. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyojikaza. Kwenye baiskeli ya kuegemea nafasi iliyopo ni nyuma ya ekseli, chini ya lile bomba la mbele. Mzunguko ni uleule, lakini ukiwa nyuma ya ekseli unakwenda chini. Mota inajivuta kutoka kwenye fremu, kila unapobonyeza.

Mimi nilikuwa nimeikaza kwa ukanda wa bati na bolti moja, kama ninavyofanya kwenye baiskeli nyingine. Siku ya majaribio, katikati ya kilima, nilisikia tak! Mota ikaning'inia, waya wake umenyooka kama kamba ya kuanikia. Ukanda ulikuwa umechanika pale pale kwenye tundu la bolti.

Chukua mota inayotoa nyutoni-mita 80 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye pedeli. Ukiishika umbali wa sentimita 12 kutoka kwenye ekseli, kishikio chako kinavutwa chini kwa nguvu ya karibu kilo 68, na si kwa utulivu bali kwa mishtuko. Nilikata bamba la chuma la milimita 5, nikatengeneza vibano viwili vinavyolikumbatia bomba zima, nikaunganisha na mota kwa bolti mbili. Bomba lenyewe huwa linaingia ndani ya jingine ili kurekebisha urefu wa miguu, na nalo linaweza kupinda pembeni. Nikachora mstari wa rangi nyeupe unaovuka maungio. Mstari ukivunjika, bomba limesogea.

Kilichobaki kigumu ni mnyororo. Kwenye baiskeli hii ni mrefu karibu mara tatu ya wa kawaida, unapita chini ya kiti ukiongozwa na puli. Meno 42 mbele yana nusu kipenyo cha milimita 85 hivi, kwa hiyo zile nyutoni-mita 80 zinauvuta mnyororo kwa nguvu ya karibu kilo 96. Puli ikiukunja kwa nyuzi 20 tu, inabeba kilo 33 muda wote wa kupanda. Puli aliyokuja nayo mwalimu ilikuwa ya plastiki, imechimbwa mfereji ambao ukucha wangu ulizama. Nimeweka ya chuma yenye meno, beringi mbili, bolti ya milimita 8. Inapiga kelele kidogo. Upande wa mnyororo unaorudi mbele hauna mzigo, plastiki inatosha.

Vumbi la Dodoma likikutana na grisi linakuwa msasa. Mimi nauchemsha mnyororo kwenye mishumaa iliyoyeyushwa, naufuta, naufunga ukiwa mkavu. Mchanga haugandi.

Umeme haukunisumbua. Betri ni ya volti 48, ampea-saa 15, yaani wati-saa 720, imefungwa nyuma ya kiti chini kabisa. Kwa kuwa mota iko mbali mbele, nimetumia waya wa milimita za mraba 4 na fyuzi ya ampea 30 karibu na betri. Betri nimeivika kitambaa cheupe. Jua la saa nane mchana lina madhara yake, na kamwe isichajiwe ikiwa bado ya moto.

Mwalimu ilibidi ajifunze jambo moja upya. Gia inapunguzwa kabla ya kilima, si ndani yake, kwa sababu kubadilisha gia wakati mota inavuta kunaweza kukata mnyororo. Breki zina swichi inayozima mota, kwa hiyo gusa breki kwa kidole, badilisha gia, achia. Siku ya kwanza alisahau mara mbili, na mara zote mbili mnyororo uliruka kwa mlio uliotushtua sote.

Wiki iliyopita alipita gereji akitokea Chimwaga, huko huko UDOM, jasho linamtoka, hajashuka kusukuma. Nilimwamkia, nikachuchumaa mbele ya bomba kabla hata hajainuka kwenye kiti. Mstari mweupe ulikuwa mzima.