4G si kipimo cha kasi

Jioni hapa Lubumbashi, video ikianza kukwama, utasikia mtu anasema: "Hii si 4G, wanatuibia mega." Kuanzia Kamalondo hadi Katuba ni wimbo uleule, na unaniuma, maana mlalamikaji ana haki ya kulalamika ila analaumu kisichohusika.

G ni kizazi, basi. Haihusiani na giga unazonunua kwenye forfe. Kizazi cha kwanza kilibeba sauti tu. GSM, yaani kizazi cha pili, iliyoanza Finland mwaka 1991, ikaleta ujumbe mfupi. 3G ilianza Japani mwaka 2001, na LTE, mbinu ambayo leo tunaiita 4G, ikawashwa Stockholm na Oslo mwishoni mwa 2009.

Mkanganyiko ulizaliwa hapo. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lilikuwa limeweka lengo la kizazi cha nne: gigabiti 1 kwa sekunde kwa mtu aliyetulia, megabiti 100 kwa aliye ndani ya gari au treni iendayo mbio. LTE ya kwanza haikufika huko. Makampuni yakaitangaza kuwa 4G hivyo hivyo, na Desemba 2010 ITU ikakubali jina litumike. Tangu hapo, 4G inakuambia tu simu yako na antena vinaongea kwa mbinu gani.

Kasi inatoka kwingine. Antena hupewa kipande cha masafa ya redio, na kwa LTE ya mwanzo chaneli moja haikuzidi megahezi 20. Wote walioshika upande ule wa antena wanagawana kipande hicho, kama bomba moja la mtaa wakati wa foleni. Saa nane za usiku, simu ileile, palepale ulipokaa, rezo inakimbia. Halafu nyuma ya antena kuna fibra au maikrowevu inayobeba data kuipeleka mbele. Njia hiyo ikiwa nyembamba, hata antena mpya kabisa itasuasua.

Kwa hiyo mahitaji yakipanda, wahandisi huongeza masafa, hubana biti nyingi zaidi ndani ya masafa yaleyale, au husogeza antena karibu na watu. 5G inafanya yote. Kwenye megahezi 3,500 chaneli moja inaweza kufika megahezi 100, lakini mawimbi hayo hayaendi mbali, hivyo antena lazima ziwe nyingi.

Basi jirani, video ikikwama saa mbili usiku, 4G yako ni ya kweli. Kilichojaa ni antena, au njia iliyo nyuma yake. Ukiipigia kampuni, lalamikia hilo: taja mtaa na saa, wapate kujua antena ya kuangalia.