Kuloweka shoka hakukazi mpini

Shoka likianza kucheza kwenye mpini, wengi hushauri litumbukizwe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kichwa hakitikisiki, na watu huamini dawa imepatikana. Haijapatikana.

Mti ukinywa maji huvimba, lakini ndani ya tundu la chuma hauna pa kwenda. Nyuzi zake hubanwa hadi zinapondeka. Ukikauka husinyaa, na nyuzi zilizopondeka hazirudii unene wake wa awali. Mpini unabaki mwembamba kuliko kabla ya kuloweka, huku chuma kikiota kutu usipopaona. Kila ukirudia, unaharibu zaidi, na kichwa kinachochomoka katikati ya pigo kinaweza kuua mtu.

Tiba ni kabari. Shika shoka kichwa kikining'inia chini, gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti: mpini utazama zaidi tunduni. Kisha gongomea kabari mpya, kavu. Mpini mpya nao uwe umekauka sawasawa. Mbichi utasinyaa tu. Paka mafuta ya kitani kwenye ncha inayochungulia juu ya tundu, maana unyevu hupenya upesi zaidi hapo.