Shamba la ghorofa chuoni: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Ni wazo la makampuni, vyuo vimeiga tu.
Shamba la ghorofa ni kilimo cha ndani ya jengo: mimea hukaa kwenye rafu chini ya taa, na mizizi hulishwa maji yenye mbolea badala ya udongo. Wazo hili lilikuzwa darasani. Mwaka 1999 Profesa Dickson Despommier wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipiga hesabu na wanafunzi wake: mapaa ya Manhattan yakilimwa, yatalisha watu wangapi? Jibu likawa takriban asilimia 2 ya wakazi. Ndipo wakageukia kulima ndani ya majengo yenyewe, ghorofa juu ya ghorofa.

Dhana: Mitambo inafanya yote, mwanafunzi anabonyeza tu.
Mpe madumu mawili ya mbolea ya maji iliyokolezwa, moja la kalsiamu, jingine la fosfeti na salfeti. Akiyamimina pamoja kabla ya kuyazimua, maji yanakuwa meupe kama tui na mashapo yanatuama chini. Sehemu ya chakula cha mmea imekuwa unga usioyeyuka: mizizi haiupati, na mipira ya maji inaziba.

Halafu kuna saladi kuungua ncha, somo ninalolipenda kuliko yote. Majani machanga ya katikati yanaota ukingo wa kahawia. Ni dalili ya kukosa kalsiamu, kwa hiyo mwanafunzi anakimbilia kuiongeza kwenye tangi. Kumbe mara nyingi tangini imejaa tele. Kalsiamu husafiri na maji, na maji hupanda pale jani linapotoa mvuke. Majani yale yamekumbatiana, hewa imetulia, mvuke hautoki. Washa feni ipulize kutoka juu, kisha subiri majani mapya: hayo ndiyo yatakayotoa jibu, maana yaliyokwisha kuungua hayaponi.

Dhana: Mhula ni mfupi mno.
Saladi inavunwa wiki 5 au 6 tangu kupandwa mbegu, hata nje kukiwa na theluji. Katika mhula wa wiki 15 aliyekosea anapanda tena, na safari hii anajua anatafuta nini.

Dhana: Bila udongo hakuna magonjwa.
Pythium, kimelea kinachoozesha mizizi, husambaa na maji yanayozunguka. Mche mmoja unatosha kuambukiza rafu nzima. Vidukari nao huingia na miche, hata na nguo za watu.

Dhana: Kilimo hiki kitamaliza njaa.
Kinafaa mboga za majani na viungo kama mrehani. Kulimia ngano chini ya taa ni ghali kupita kiasi. AeroFarms ya New Jersey, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hii, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023. Hesabu ya gharama haikwepeki, ndiyo maana mita ya umeme isiachiwe fundi. Wanafunzi waisome wenyewe kila wiki: taa zinazowaka saa 16 kwa siku, pampu, feni, na kiyoyozi kinachoondoa joto la taa hizohizo. Siku ya mavuno wapime kilo, wagawanye uniti kwa kilo, na jibu waliandike ukutani, juu ya rafu.