Muda Ambao Dawa Hukaa Mwilini

Nimefanya kazi ya kutibu na kuchunguza magonjwa ya kuambukiza kwa muda wa kutosha kuona swali langu la kwanza likibadilika. Zamani, nilipopokea matokeo ya jaribio la dawa au chanjo mpya, jicho langu lilikimbilia asilimia ya ufanisi. Siku hizi natafuta kwanza ratiba: ni dozi ngapi, kwa kipindi gani, na mwili hubaki na kinga kwa siku ngapi baada ya mtu kutoka kliniki. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya maendeleo ya miaka ya karibuni imepatikana hapo kwenye ratiba, na ningependa kueleza ni kwa njia zipi, kwa sababu njia hizo hazifanani na kila moja ina hatari yake.

Nianze na VVU. Kidonge cha kila siku cha kumkinga mtu asiambukizwe, chenye tenofoviri ndani yake, kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2012, na anayekimeza bila kukosa hupata kinga ya hali ya juu. Lakini jaribio la VOICE, lililowahusisha wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2015, halikuona kinga yoyote. Washiriki walieleza kwamba walikuwa wakimeza takriban dozi zote, ila damu ilipopimwa, tenofoviri ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Baadhi ya wenzangu waliyasoma matokeo hayo kama habari ya ukaidi wa washiriki. Mimi niliyasoma kama habari ya mzigo tuliokuwa tumewatwisha: kidonge cha kila siku kwa mtu asiyeumwa, kilichomo kwenye kopo linalotikisika na kusikika, ambacho mwenzi au mzazi akikiona ataanza kuuliza maswali ambayo msichana wa miaka 19 hana namna salama ya kuyajibu.

Ndiyo maana matokeo ya jaribio la PURPOSE 1, yaliyotoka Julai 2024, yalinigusa sana. Wanawake wa umri wa miaka 16 hadi 25 nchini Afrika Kusini na Uganda walipewa ama vidonge vya kila siku ama sindano ya lenakapaviri mara moja kila baada ya majuma 26. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Katika makundi mawili ya vidonge waliambukizwa 55, na vipimo vya damu vilionyesha tena kwamba wengi wao hawakuwa wakimeza dawa mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano hiyo Julai 2025, mwezi mmoja baada ya Marekani kuiidhinisha kwa ajili ya kinga, na likashauri kwamba kipimo cha haraka cha VVU, kile cha tone la damu kinachotolewa hata kwenye zahanati ndogo, kinatosha kumwanzishia mtu huduma. Ushauri huo wa pili haukutangazwa sana, nami nauona kuwa na uzito karibu sawa na ule wa kwanza.

Lenakapaviri hufanya kazi kwa kulishambulia ganda la protini ambalo hubeba na kulinda chembe za urithi za kirusi. Ganda hilo lina umbo la pia na huundwa na nakala zipatazo 1,500 za protini moja zilizoshikana, na ni lazima lijengeke, lisafiri hadi kwenye kiini cha seli na kufunguka kwa wakati wake. Dawa hujipachika kwenye maungio kati ya protini hizo na kuvuruga mpangilio wote, na kwa kuwa hufanya hivyo ikiwa kwa kiasi kidogo mno katika damu, na haiyeyuki kwa urahisi katika maji, inawezekana kuiweka chini ya ngozi ya tumbo kama akiba inayovuja polepole kwa nusu mwaka. Akiba hiyo huchelewa kufikia kiwango cha kinga, kwa hiyo siku ya sindano ya kwanza mtu humeza pia vidonge viwili, na kesho yake vingine viwili. Anayevikosa vidonge hivyo huanza safari yake akiwa na pengo.

Hapa nalazimika kusimama kidogo, kwa sababu sifa hiyohiyo ya kukaa mwilini ndiyo hatari yake. Mtu akiacha kuja kuchomwa, dawa haiondoki siku ya 183. Mabaki yake yanaweza kubaki katika damu kwa mwaka mmoja au zaidi, yakizidi kupungua hadi kufikia kiwango kisichoweza kuzuia maambukizi ingawa kinatosha kuwachuja virusi na kuwaacha hai wale wenye usugu. Katika jaribio la pili, PURPOSE 2, watu wawili kati ya 2,179 waliambukizwa licha ya sindano, na virusi vya wote wawili vilikutwa na badiliko lilelile la protini ya ganda, liitwalo N74D, linalodhoofisha dawa hiyo. Wawili ni wachache, na mimi naiunga mkono sindano hii bila kusita. Ninachosisitiza kwa wauguzi ninaowafundisha ni kwamba mtu anayetaka kuacha aage kliniki akiwa na mpango wa kinga nyingine, na kwamba anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu atajwe mapema, kwa kuwa rifampisini hulihimiza ini kuivunja lenakapaviri kwa kasi na hivyo dozi za nyongeza huhitajika.

Njia ya pili ya kurefusha muda haihusu akiba ya dawa bali kuurekebisha mkia wa kingamwili yenyewe. Virusi vya RSV huwabana watoto wachanga vifua na ni miongoni mwa sababu kuu za kulazwa kwao katika miezi ya mwanzo ya maisha. Historia ya chanjo yake ina jeraha: chanjo ya kirusi kilichouawa kwa fomalini, iliyojaribiwa katika miaka ya 1960, iliwafanya watoto waliochanjwa waugue vibaya zaidi walipokutana na kirusi chenyewe, na wawili wakafariki. Tangu mwaka 1998 kulikuwa na kingamwili ya palivizumabu, iliyolazimu sindano kila mwezi katika msimu wa ugonjwa, nayo ilitengwa kwa ajili ya watoto walio katika hatari kubwa, kama wale waliozaliwa kabla ya wakati.

Nirsevimabu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023, huchomwa mara moja tu. Kwa kawaida seli za mwili humeza protini za damu na kuzivunja, lakini kingamwili huokolewa na kipokezi maalumu kinachozishika ndani ya seli, mahali penye tindikali, na kuzirudisha kwenye damu. Wanasayansi walibadilisha asidi amino tatu, yaani vijenzi vya protini, katika mkia wa nirsevimabu ili ishikwe kwa nguvu zaidi na kipokezi hicho, na matokeo yake ni kwamba nusu ya dawa huwa bado imo katika damu baada ya siku 70 hivi, ilhali kingamwili ya kawaida hufikia nusu baada ya majuma matatu. Jaribio la HARMONIE, lililowahusisha watoto 8,058 nchini Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, lilionyesha kwamba kulazwa kwa sababu ya RSV kulipungua kwa asilimia 83. Kwa familia zisizofikiwa na kingamwili hiyo kuna chanjo ya dozi moja anayopewa mama katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ambaye naye humpitishia mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma. Huo pia ni mkopo wenye kikomo, ila unakopeshwa katika miezi ileile ambayo mtoto anauhitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ni habari ya furaha kubwa kwangu, na sehemu yake iligunduliwa bila kukusudiwa. Chanjo hiyo ilibuniwa kutolewa mara tatu. Katika jaribio la Costa Rica lililoanza mwaka 2004, baadhi ya wanawake walikosa dozi za baadaye kwa sababu mbalimbali, na watafiti walipowafuatilia waligundua kwamba hata waliopata dozi moja waliendelea kukingwa mwaka hadi mwaka. Ili kuondoa shaka, jaribio la KEN SHE nchini Kenya liliwapangia kwa bahati nasibu wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20, na baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na ya 18, ambazo ndizo hatari zaidi. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja kwa wasichana na wanawake wa umri wa miaka 9 hadi 20. Wanaoishi na VVU na wengine wenye kinga dhaifu wanabaki na ratiba ya dozi mbili au tatu, na jambo hilo lisipotee katika shangwe.

Kwa nini dozi moja itoshe hapa wakati chanjo nyingine nyingi hudai kurudiwa? Chembe za chanjo hii ni maganda matupu ya kirusi, na protini iliyomo hujirudia juu ya uso wa kila ganda katika mpangilio wa mafundo 72 yanayolingana. Seli za kinga zinapokutana na umbo lililojirudia namna hiyo hushtuka kwa nguvu na kuzalisha seli zinazohamia kwenye uboho na kuishi huko kwa miaka mingi zikitengeneza kingamwili kidogokidogo. Zaidi ya hayo, HPV huingia taratibu, kupitia mikwaruzo midogo ya ngozi laini, kwa hiyo hata kingamwili chache hupata nafasi ya kukizuia kirusi.

Katika kifua kikuu mwelekeo umekuwa kinyume: tunachotaka ni kufupisha. Bakteria wa ugonjwa huu hugawanyika mara moja kwa siku hivi, na baadhi yao hulala wakiwa hawaguswi na dawa zinazohitaji bakteria anayekua. Kwa wenye kifua kikuu sugu, matibabu yalikuwa yakichukua hadi miezi 20, na kwa miaka mingi yalijumuisha sindano za kila siku zilizoharibu masikio. Nimewahi kumweleza mgonjwa, kwa kuandika kwenye karatasi kwa sababu hakuweza tena kunisikia, kwamba makohozi yake hayana bakteria. Sijasahau.

Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa vidonge vya bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi sita. Katika jaribio la TB-PRACTECAL, lililofanyika Belarus, Afrika Kusini na Uzbekistan, asilimia 89 ya waliotumia mchanganyiko huo walimaliza vizuri, dhidi ya asilimia 52 ya waliotumia tiba iliyokuwapo. Linezolidi huumiza mishipa ya fahamu na uboho, na jaribio la ZeNix, lililotumia dawa tatu za kwanza kati ya hizo, ndilo lililosaidia kupata kipimo kinachovumilika: miligramu 600 kwa siku badala ya 1,200 kwa majuma 26 iliponya asilimia 91, huku ganzi na maumivu ya miguu na mikono yakishuka kutoka asilimia 38 hadi 24. Robo ya wagonjwa bado ni wengi. Naomba anayeanza tiba hii aulizwe kuhusu nyayo zake katika kila ziara, kabla hajazitaja mwenyewe.

Na bedakwilini inaturudisha kwenye lile jambo la mabaki. Dawa hiyo hujificha katika mafuta na tishu, na katika hatua yake ya mwisho kiasi chake hupungua hadi nusu kwa takriban miezi mitano na nusu. Mgonjwa anayetoroka matibabu mwezi wa tatu hutokwa na dawa nyingine ndani ya siku chache, akabaki na bedakwilini peke yake, kwa kiwango kinachozidi kushuka, mbele ya bakteria waliosalia. Hali hiyo hufaa sana kuzalisha usugu, na usugu dhidi ya bedakwilini umekwisha kuonekana. Sindano ya VVU na kidonge cha kifua kikuu vina kanuni moja hapa: kadiri dawa inavyodumu, ndivyo kuondoka katikati ya ratiba kunavyogharimu zaidi.

Malaria ndipo muda unapotubana zaidi. Vimelea vinavyoachwa na mbu hufika kwenye ini ndani ya saa moja, hivyo chanjo zilizopo, RTS,S iliyopendekezwa Oktoba 2021 na R21 iliyofuata Oktoba 2023, hulazimika kuweka kingamwili nyingi mno katika damu kabla mtoto hajaumwa na mbu, na kiwango hicho hushuka miezi inavyopita. Ratiba ni ya dozi nne, tatu za kwanza zikianza mtoto akiwa na umri wa miezi mitano hivi, na ya nne mara nyingi katika mwaka wake wa pili, wakati ambapo mama ameshazoea kutokwenda kliniki. Hata kwa udhaifu huo, utoaji wa majaribio ulioanza Ghana, Kenya na Malawi mwaka 2019 ulipunguza vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, vya sababu zote isipokuwa ajali, kwa asilimia 13. Wanaosema kwamba chanjo hii ni dhaifu wautafakari mchango huo katika kupunguza vifo.

Pale ambapo kinga haiwezi kurefushwa, inaweza kupangwa. Nchini Burkina Faso na Mali, ambako malaria hupanda kwa miezi michache ya mvua, watafiti waliwapa watoto RTS,S kabla tu ya msimu, wakarudia dozi moja kila mwaka, na kuiunganisha na dawa za kinga za msimu wenyewe. Ikilinganishwa na dawa hizo peke yake, malaria ilipungua kwa asilimia 63 zaidi katika miaka mitatu, na malaria kali kwa asilimia 70. Chanjo ilikuwa ileile, nacho kimelea ni kilekile. Kilichobadilika ni juma ambalo sindano ilichomwa.