Kihisi cha kielektrokemia: namna umeme unavyofichua rangi ya viwandani

Mawese ya Kyela ni mekundu yenyewe. Wekundu ule ni karotini. Pilipili ya unga ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, nayo ina wekundu wake. Ndiyo maana jicho haliwezi kukuambia kama kuna aliyeongeza Sudan I au ndugu yake Sudan IV, rangi za nta na mafuta ya viwandani zisizoruhusiwa kwenye chakula. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya kupima pilipili inayoingizwa kwa sababu ya Sudan I.

Kihisi cha kielektrokemia hakitazami rangi. Kinahesabu elektroni. Kina elektrodi tatu, yaani ncha za kupitishia umeme: ya kazi, mara nyingi ya kaboni, ambako molekuli ya rangi hupoteza au kupokea elektroni, ya rejea, yaani fedha iliyopakwa kloridi ya fedha, ambayo volteji hupimwa dhidi yake, na ya tatu ya kukamilisha mzunguko. Volteji hupandishwa taratibu. Rangi inapofika pake pa kuachia elektroni, mkondo huumuka kama kilima kwenye grafu. Mahali kilipo kilima hudokeza ni rangi gani, kimo chake husema ni kiasi gani.

Tatrazini (E102), ile njano ya juisi na soda, huyeyuka kwenye maji, haina kazi kubwa. Sudan I haiyeyuki: tikisa gramu 1 ya pilipili kwenye mililita 10 za ethanoli, chuja, ndipo uchanganye kiasi kidogo na bafa, yaani myeyusho unaotuliza kiwango cha asidi.

Matatizo huanzia hapa. Kapsaisini, ile inayowasha, nayo huachia elektroni. Vitamini C ya kwenye juisi vilevile. Kwa hiyo usiamini kilima cha kwanza. Ongeza kiasi unachokijua cha rangi halisi, upime tena. Kilima kikirefuka palepale, dalili ni nzuri. Kikichomoza kingine pembeni, cha mwanzo hakikuwa rangi uliyoishuku.

Namba zikishuka kila unaporudia sampuli ileile, elektrodi imegandwa na mabaki. Isugue kwa unga wa alumina wa mikromita 0.05 kwenye kitambaa kibichi, kisha suuza. Vile vijiti vya elektrodi vya kutumia mara moja, tupa. Kubana matumizi hapo ni kujidanganya.

Halafu baridi. Asubuhi ya Julai Mbeya, molekuli husafiri polepole na mkondo hupungua. Mstari wa kulinganishia, yaani ule wa vipimo vya rangi ya kiasi kinachojulikana, uliochorwa mchana wa jua utaonyesha rangi pungufu kuliko iliyopo, kwa hiyo sampuli na myeyusho wa kulinganishia vipimwe kwenye joto moja.