El Niño ya mafuriko kwetu ni ya ukame Karibi

Afrika Mashariki ukitaja El Niño, watu hukumbuka mafuriko ya 1997 na 1998. Mkulima wa Jamaika au Barbados akilisikia jina hilohilo huwaza ukame. Maji ya Pasifiki ya ikweta yakipata joto kupita kawaida, mzunguko wa hewa hubadilika hata mbali sana na bahari hiyo: vuli yetu mara nyingi huzidi, nao mvua zao hupungua. Ukame mkali wa 2009 hadi 2010, na ule wa 2014 hadi 2016, uliandamana na El Niño.

Visiwa vingi vya Karibi hupata mvua kuanzia Mei au Juni hadi Novemba. Jamaika ina vilele viwili, Mei na Oktoba, na katikati, mnamo Julai, mvua hulegea. Hapo ndipo penye taabu. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Mei hutoa mbelewele Julai, na udongo ukikauka wakati huo punje hazijai. Jumla ya mvua ya mwaka inaweza kuwa ya wastani kabisa na gunzi bado likatoka na mapengo. Kwa hiyo mimi hutazama kwanza mgawanyo wa mvua, kisha milimita.

Mahali nako kuna neno lake. Pepo za kaskazini-mashariki humwaga mvua Portland, kaskazini-mashariki mwa Jamaika, zikivuka milima zimeshapungukiwa na unyevu. St. Elizabeth, kusini, ni kukavu, lakini ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mboga za Jamaika. Siri yao ni matandazo: wakulima hukata nyasi ndefu (zenye asili ya Afrika, kwa taarifa yako), huzikausha na kuufunika udongo mwekundu ili unyevu usipotee.

Lakini ukame hauzuii kimbunga. Haiti ilikuwa bado inajikongoja kutoka ukame wa El Niño pale kimbunga Matthew kilipoipiga kusini-magharibi, tarehe 4 Oktoba 2016. Kimbunga Beryl nacho kilipita kusini mwa Jamaika Julai 2024, kikaharibu mashamba ya St. Elizabeth.

Taasisi ya Karibi ya Hali ya Hewa na Haidrolojia, iliyoko Barbados, hutoa utabiri wa miezi mitatu mitatu kwa lugha tunayoijua: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Uwezekano wa asilimia 45 wa mvua chini ya wastani haumaanishi mvua haitanyesha. Unamwambia mkulima aongeze eneo la muhogo, apunguze mahindi, na ajaze matanki mapema.