La Règle du jeu haikuchomwa na Wajerumani

Hii stori nimeisikia miaka na miaka, eti La Règle du jeu, filamu ya mwongozaji Mfaransa Jean Renoir, ile komedi ya matajiri na watumishi wao kwenye jumba la shamba, Wajerumani waliichoma. Hapana jamani. Ilitoka Paris Julai 1939, watu wakaizomea, basi Renoir mwenyewe akashika mkasi akaanza kuikatakata. Oktoba mwaka huohuo serikali ya Ufaransa ikaipiga marufuku, na Wajerumani walikuwa hata hawajaingia Paris. Negativu yenyewe, yaani ule mkanda wa asili, iliteketea 1942 maabara ilipopigwa mabomu, na ndege zilikuwa za upande wa kina Uingereza, sio za Hitler!

Tunayoiona leo ya dakika 106 iliungwaungwa 1959 kutoka vipande vilivyosalia, Renoir akaibariki, na ni ndefu kuliko hata ile waliyoizomea.

Na kwa nini walizomea, mi naona jibu ni pale mlinzi wa wanyama anamkimbiza jamaa anayemmezea mate mkewe, anafyatua bastola katikati ya sherehe, halafu wageni wanadhani ni sehemu ya burudani.